Kabla hujatoa garanti: namna ya kuchagua mahali pa biashara yako hapa Lubumbashi

Kila wiki lazima mtu aniulize swali lile lile. "Yaya, niko na dola mia tano, nifungue wapi?" Mwingine anakuja na picha ku WhatsApp: "Nimepata butiki mjini, barabara kubwa, watu wanapita mingi sana, nilipe?" Na huwa anataka jibu leo leo maana komisioneri (dalali wa nyumba) amemwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa.

Naandika hapa mara moja ili nikuonyeshe kazi yenyewe, ju ukinijulisha tu jina la avenyu siwezi kukupa jibu la kweli. Watu wanafikiri sana watauza nini, wanafikiri jina la butiki na rangi ya mlango, alafu mahali wanakubali pa kwanza walipoonyeshwa. Na mahali ndo kitu kigumu kuliko vyote kurekebisha. Bei ikiwa mbaya unaibadilisha kesho asubuhi, stoki mbaya unaiuza kwa hasara kidogo unaendelea, lakini garanti (pesa ya dhamana unayomwachia mwenye nyumba) ikishatoka mfukoni imetoka.

Mi nilijifunza kwa hasara. Butiki yangu ya kwanza ilikuwa ku Katuba, kwenye barabara ya lami, nilikuwa nauza unga, mafuta, sukari, sabuni. Nilipita pale siku mbili asubuhi kabla ya kulipa nikakuta watu wamejaa mbele ya ule mlango, nikasema Mungu amenijibu. Sikujiuliza wale watu wanafanya nini pale. Walikuwa wanangoja bisi ya kwenda mjini. Sasa mtu anayekimbilia kazi saa 12 asubuhi atanunua kilo mbili za unga azipeleke wapi? Ananunua kitumbua, ananunua yuniti za simu, anapanda. Jioni wale wale wanarudi na njaa na pesa ya siku, lakini magari kwetu yanatembea upande wa kuume, kwa hiyo bisi zinazorudi zinawashusha ng'ambo ya barabara, na upande wangu kulikuwa na kanivo (mfereji wa maji) ya wazi, pana, yenye ubao mmoja tu wa kuvukia. Nakumbuka jioni moja mama alishuka na mtoto mgongoni na beseni kichwani, akaangalia mlango wangu, akaangalia ule ubao, akageuka akaingia kwa jirani wa ng'ambo. Jirani yule alikuwa na stoki ndogo kuliko yangu na unga tulikuwa tunautoa depo moja. Miezi mitano nilifunga saa moja usiku nikimwangalia akiwa na foleni.

Nilihama. Kutoka mlango wa zamani mpaka mpya ni hatua kama arobaini. Bidhaa zile zile, bei zile zile, na mwezi wa pili nikaanza kuweka akiba. Hatua arobaini tu, ndugu yangu, ndo maana nasema usilipe kabla ya kuhesabu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Telefone ni sawa lakini betri inaisha, na ukiishika muda mrefu barabarani wezi wanaiona.
- Kiti cha plastiki, au mtu unayemfahamu karibu na pale akukubalie ukae kwake. Ukinunua chai kwake kila siku hatakufukuza.
- Siku saba. Ukiambiwa hakuna siku saba, mahali hapo si pako.
- Faida yako kwa kila bidhaa. Hapa mingi wanachanganya, wananiambia bei ya kuuzia. Nataka kinachobaki baada ya kutoa bei ya depo na usafiri.
- Bahasha mbili, moja ya mahali na moja ya stoki. Usizikopeshe moja kwa nyingine.

Hatua ya 1: Andika mteja wako kwa sentensi moja

Usiandike "watu wote". Andika hivi: "Mama anayerudi kutoka soko saa kumi na moja jioni, ananunua mafuta ya kupikia ya siku moja." Au: "Mwanafunzi anayetaka fotokopi kabla ya kuingia darasani."

Ukishaandika utaona biashara yako iko ya aina gani. Kuna kitu mtu ananunua akipita haraka (maji, yuniti, vitumbua, biskuti). Kuna kitu mtu ananunua akirudi nyumbani (unga, makala yaani mkaa, samaki, mkate, nyanya). Na kuna kitu mtu anakitafuta makusudi, ataulizia hata kama kimejificha: fundi wa telefone mzuri, mshonaji, spea za gari. Aina ya kwanza inataka mlango ugusane na njia yenyewe. Ya pili inataka upande wa kurudi. Ya tatu inaweza kukaa ndani ya kartie (mtaa) kwa lokasyo (kodi ya nyumba) ndogo, kwa hiyo usiende kulipa bei ya barabara kubwa kama wateja wako wanakutafuta kwa jina.

Hatua ya 2: Jua mji wetu unatembeaje

Lubumbashi iko na komini (manispaa) saba: Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Tangu 1910 wakoloni waliujenga mji kwa kutenganisha, katikati kwa Wazungu na maofisi, na wafanyakazi Waafrika wakawekwa pembeni. Wakoloni wameondoka lakini mwendo umebaki: asubuhi watu wanamiminika kutoka Katuba, Kenya, Ruashi kwenda katikati, jioni wanarudi. Kwa hiyo mlango uliojaa asubuhi mjini unaweza kuwa jangwa saa moja usiku, na ule wa kartie unaolala mchana mzima unaamka jioni. Biashara ya chakula cha mchana iende kule watu wanakofanya kazi, ya chakula cha kupika iende kule wanakolala.

Alafu kuna sehemu zenye kalenda yao. Karibu na UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi), upande wa Kasapa, wanafunzi ni wateja wazuri wa fotokopi, chakula cha bei ndogo, bando za intaneti, lakini likizo ikifika unabaki na mwenye nyumba wako tu, na lokasyo haina likizo. Karibu na uwanja wa TP Mazembe ku Kamalondo siku ya mechi utauza mpaka uchoke. Mechi si kila siku, kwa hiyo usihesabu ile siku kama ndo maisha ya kawaida. Karibu na kampuni ambazo wafanyakazi wanalipwa mwisho wa mwezi, siku za tarehe 20 unauza kwa deni au huuzi.

Kama bidhaa zako zinatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, hiyo nayo ni habari ya mahali. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mpaka siku chache tu na wafanyabiashara wote wakahangaika. Mwenye nafasi nyuma ya kuweka stoki ya wiki mbili alipumua. Mwenye kibanda cha mita mbili alikuwa anaangalia rafu tupu. Kwa hiyo ukipima mlango pima na nyuma ya mlango.

Hatua ya 3: Kaa chini, hesabu

Hii ndo kazi yenyewe, hizo zingine zote ni msaada. Watu wanairuka ju inaonekana ya aibu, mtu mzima kukaa barabarani na daftari. Vumilia aibu ya siku saba.

Chagua vipindi vitatu kwa siku: saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, saa 6 mpaka saa 8 mchana, saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Fanya siku ya kazi angalau tatu, Jumamosi moja, Jumapili moja baada ya misa. Ukiweza rudi tena tarehe za mwisho wa mwezi.

Chora daftari lako sehemu tatu. Ya kwanza weka alama kwa kila anayepita ambaye anafanana na mteja wako wa hatua ya 1, wengine waache, kama unauza nguo za watoto usihesabu mafundi wa pikipiki. Ya pili, wanaosimama kwenye butiki ya jirani au meza yoyote ya karibu. Ya tatu, wanaoondoka na kitu mkononi. Ile ya tatu ndo ina ukweli. Nimeshaona njia yenye watu mia nne kwa saa na waliobeba mfuko ni sita, na njia nyingine ndogo ya ndani yenye watu tisini na waliobeba ni ishirini na mbili. Ya pili ilikuwa na lokasyo nusu.

Wakati unahesabu angalia miguu. Watu wanatembea upande gani? Wanakwepa nini? Barabara nyingi zetu mguu unafuata kivuli na unakwepa matope, na sehemu mtu anapoinamisha macho ili asikanyage shimo hawezi kuona butiki yako hata ukiipaka rangi gani. Angalia pia bisi zinasimama wapi kwa kweli, sio pale ubao wa areti (kituo) ulipo. Mashofere wanasimama kule abiria wanapopenda, na manseba (watu wa pikipiki za abiria) wanapangana kule kuna kivuli. Hao manseba ni alama nzuri, hawakai mahali pasipo na watu wenye pesa ndogo ya haraka.

*Angalisho:* usihesabu siku ya mazishi, siku ya mechi, siku rais anapita, wala wiki ya kurudi shule. Na usimpe komisioneri kazi ya kukuhesabia.

Hatua ya 4: Geuza lokasyo kuwa wateja

Chukua mfano, namba weka zako. Tuseme lokasyo ni dola 150 kwa mwezi na unafungua siku 26. Ni karibu dola 5 na senti 77 kwa siku. Kama kila mteja anakuachia faida ya senti 25 basi unahitaji wateja 24 kila siku ili tu umlipe mwenye nyumba. Bado hujala, hujalipa msaidizi, hujalipa kuran (umeme), hujalipa patanti (leseni ya biashara).

Sasa rudi ku daftari. Kama kwa kila watu 100 wa aina yako wanaopita ni 3 wananunua, wateja 24 wanataka watu 800 wapite kila siku. Je ulihesabu 800? Kama ulihesabu 300, hapo hakuna sala itakayosaidia, tafuta lokasyo ndogo au bidhaa yenye faida kubwa zaidi kwa mteja.

Alafu hesabu pesa ya kuingia. Wenye nyumba wengi wanaomba garanti ya miezi kadhaa. Tuseme sita: ni dola 900, ongeza mwezi wa kwanza 150, ongeza mwezi mmoja wa komisioneri 150, inafika 1200 na bado hujanunua hata katoni moja ya sabuni. Kama pesa yako yote ni 1500 utafungua butiki nzuri yenye rafu tupu, na mteja akikosa kitu mara mbili harudi mara ya tatu. Mi nasema hivi, garanti na mambo yake yasipite theluthi ya mtaji. Ikipita, anza na meza.

Hatua ya 5: Jirani ni adui au ni rafiki?

Vijana wananiambia "nataka pasipo na mtu anayeuza kama mi." Saa ingine ni kweli, saa ingine ni kosa. Mchumi mmoja Mmarekani, Harold Hotelling, aliandika 1929 kwa nini wauzaji wanapenda kusogeleana, na mama yeyote wa soko la komini ya Kenya anajua sababu nyingine bila kusoma: mtu anayetaka viatu anaenda kule viatu viko vingi ili alinganishe. Kwa hiyo nguo, viatu, telefone, spea, vitambaa, kaa na wenzako. Ukiwa peke yako hakuna anayekuja mpaka kwako kwa kitu kimoja.

Unga, mkate, yuniti, chumvi, makala ni kinyume, mtu ananunua kwa wa karibu kabisa, kwa hiyo ukikuta mlango wa tatu unauza hivyo hivyo wewe songa mbele mpaka kule kina mama wanatembea mbali. Na kuna majirani wa kusaidiana. Saluni karibu na mshonaji. Fotokopi karibu na komini au shule. Mwenye bukari na sombe (ugali na kisamvu) karibu na gereji. Kaa mbali na mlango wa baa kama unauza vitu vya watoto. Kaa mbali na kanisa lenye baffle (spika) kubwa kama unapokea simu za wateja kutwa nzima.

Hatua ya 6: Angalia nyumba yenyewe

Nenda mchana, nenda usiku, na kama ni kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu nenda wakati mvua inanyesha. Hii ya mvua usiiache. Mi nilimsindikiza mdogo wangu mmoja kuangalia butiki ku Kampemba mvua ikiwa inapiga, mwenye nyumba alikuwa ametuambia hakuna shida ya maji, na tulikuta maji yamefika kwenye kisigino ndani, mpangaji wa jirani anapandisha mifuko ya mchele juu ya matofali bila hata kushangaa, kazoea. Angalia ukutani, ule mstari wa kahawia unakuonyesha maji yalifika wapi. Kama ukuta umepakwa rangi mpya chini peke yake, uliza kwa nini. Kiangazi ni kinyume, vumbi nyekundu inaingia kila mahali, na butiki ya nguo nyeupe kando ya njia ya udongo ni mateso.

Kuran: uliza majirani watatu, usimuulize mwenye nyumba. Inakatika saa ngapi, inarudi saa ngapi, na mko wangapi kwenye laini moja. Anayeuza samaki wa Thomson, yoghurt, maji ya baridi, au mwenye fotokopi na saluni, delestaji ya kila jioni inakuua kuliko lokasyo kubwa. Weka bei ya mafuta ya jenereta ndani ya hesabu ya hatua ya 4, au bei ya sola, na uone kama bado inasimama.

Zingine haraka haraka: mlango unafunga vizuri? Choo kiko wapi? Manseba anaweza kusimama mbele bila polisi kumsumbua? Usiku kuna taa? Jua la mchana linachoma bidhaa? Vodacom, Airtel na Orange zinashika ndani kabisa au mpaka utoke nje? Hili la mwisho liko na maana sana ju wateja wanalipa kwa M-Pesa na Airtel Money, na mteja aliyesimama juani akingoja mesaji anaenda zake.

Hatua ya 7: Uliza nani alikuwa hapa, alafu jaribu

Mlango uliobadilisha wapangaji watatu kwa miaka miwili unakuambia kitu. Tafuta aliyetoka. Majirani wanajua amehamia wapi, mpelekee soda, muulize kwa nini alitoka. Atakuambia yote maana hana cha kupoteza tena.

Kabla ya kontra (mkataba) omba kuweka meza mbele kwa wiki mbili, lipia kidogo. Uza vitu vitano tu vinavyotoka haraka, andika mauzo kila saa. Wengi wenye nyumba watakubali kama mlango uko tupu. Akikataa kabisa weka meza karibu, sio lazima mbele ya mlango wenyewe.

Hatua ya 8: Kontra, usiharakishwe

Kwanza hakikisha anayechukua pesa ndo mwenye parseli (kiwanja). Hapa kwetu kesi za urithi ni mingi, leo unamlipa kaka mkubwa, kesho dada zake wanakuja na kesi. Omba kuona karatasi za parseli na kitambulisho, na kama ni familia, wote wasaini au wampe mmoja barua ya kumruhusu.

Pili, Kongo iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) tangu 2012, na sheria yake ya biashara inalinda mpangaji wa butiki kuliko watu wanavyofikiri. Kontra ya mdomo inakubalika, lakini ukienda kuithibitisha utahangaika, kwa hiyo andika. Mwenye nyumba akiuza parseli kontra yako haifi, mnunuzi anaipokea jinsi ilivyo. Akifariki pia haifi. Ukishafanya biashara pale miaka miwili kama kontra inavyosema unapata haki ya kuomba iendelee, na kama kontra ina tarehe ya mwisho lazima uombe angalau miezi mitatu kabla, ukichelewa unapoteza haki hiyo. Kama haina tarehe ya mwisho, mwenye kutaka kuivunja anatoa taarifa ya miezi sita angalau. Na bei, kama kontra haisemi kitu, inapitiwa tena kila miaka mitatu, sio kila Krismasi.

Tatu, andikeni ndani: garanti ni kiasi gani na inarudishwa lini, nani anatengeneza paa, nani analipa IRL (ile kodi ya mapato ya lokasyo, ulizia DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wetu, inavyolipwa ili usije ukadaiwa mara mbili), na lokasyo ni kwa dola au kwa falanga, na kama ni falanga, kwa kiwango cha siku gani. Chukua risiti kila mwezi. Patanti nayo uliza komini yako kabla ya kufungua.

*Angalisho:* usijenge. Nimeona watu wanaweka vigae, grili, plafo (dari) kwenye nyumba ya mtu, alafu mwaka wa pili mwenyewe anaona pamependeza anapandisha bei. Ukitaka kujenga, andikeni kabla kwamba gharama inakatwa ku lokasyo.

Kama biashara yako iko ku telefone

Wenye kufanya delivery, programu, dizaini, kuuza kwa WhatsApp, wanasema kwao mahali hapana maana. Iko na maana, imebadilika sura tu. Wewe hulipii watu wanaopita, kwa hiyo usipange barabarani. Lipia kuran isiyokatika sana, intaneti, na umbali mfupi mpaka kwa wateja wako na kwa depo. Kabla ya kupanga, chora oda zako ishirini za mwisho kwenye karatasi, ziko kartie gani? Kama kumi na tano ziko Golf na Bel-Air na wewe unakaa mwisho wa Annexe, faida yako yote inapanda manseba kila siku. Sogea karibu, hata chumba kimoja tu cha kupakia.

Na weka mahali pako ku Google Maps vizuri, simama mlangoni wakati unaweka, alafu ongeza maneno ya kwetu: areti gani, ng'ambo ya nini, geti la rangi gani. Mtu wa Lubumbashi anafuata alama, haendi na namba ya parseli.

Umeshafungua na haitembei? Anza hapa

*Watu wanapita, hawasimami.* Mara nyingi hawajaona unauza nini. Toa bidhaa tatu nje, andika bei kwa herufi kubwa. Ng'ambo ya kanivo? Nunua mbao nzuri mbili uweke daraja pana lenye kushikilia, ni pesa ndogo na mi najuta sikufanya hivyo mwezi wa kwanza.

*Wanasimama, wanauliza bei, wanaondoka.* Hapo mahali pako sawa, shida iko ku bei au ku kipimo. Kwenye komini zetu watu wananunua kadogo kadogo, kifuniko cha mafuta, glasi ya sukari. Pima upya kabla ya kufikiri kuhama.

*Unauza asubuhi tu, au jioni tu.* Usipigane na saa. Badilisha bidhaa za ule muda uliolala, au funga na ulale uamke mapema. Mwenye mlango wa asubuhi aongeze chai, mayai, yuniti, maji.

*Barabara inachimbwa mbele yako.* Uliza mafundi wenyewe kazi inaisha lini, ongeza mara mbili. Kama ni zaidi ya miezi mitatu nenda kwa mwenye nyumba na daftari la mauzo ya kabla na ya sasa, muombe punguzo la muda kwa maandishi. Wengine wanakubali, maana mlango tupu wakati barabara imechimbwa hautapata mtu.

*Mshindani amefungua mlango wa pili.* Subiri mwezi mmoja ukiandika. Saa ingine analeta watu na kwako. Kama mauzo yameshuka, acha bidhaa mbili tatu anazokushinda, chukua zile hana.

*Miezi mitatu hujalipa lokasyo kutoka kwenye faida.* Rudi hatua ya 3, kaa tena na daftari mbele ya mlango wako mwenyewe kama vile ni wa mtu mwingine. Ukikuta wateja wa aina yako hawapiti, toa taarifa kwa maandishi leo, omba garanti ikatwe kwenye miezi iliyobaki badala ya kungoja urudishiwe taslimu, uza stoki nzito kwanza ili usilipe kuibeba, na wateja wachache ulionao wachukulie namba zao za telefone kabla ya kufunga mlango, ili kule unakoenda uwapigie siku ya kwanza.